Chaki Ukutani

Katika mtihani wa hesabu ubaoni, Tunu alibakiwa na dakika nne za kumwonyesha Profesa Mbonde nukta pekee ambayo kanuni aliyopewa, inayohamisha nukta nyingine zote, haiihamishi, ndani ya umbo lililopinda kama mwezi mchanga. Akikosa, anarudia mwaka.

Alianza na swali jepesi lenye jibu analolijua, akaligeuza kidogo kidogo kuelekea lile gumu, chaki ikichora mstari kufuata jibu linavyosogea. Mara mstari ukapinda, ukarudi ulikotoka.

"Binti, unarudi nyumbani?" Profesa aliuliza. "Si ukate moja kwa moja?"

"Nikikata natoka nje ya umbo, Profesa. Huko hakuna jibu, kuna aibu tu."

Profesa hakucheka. Aliangalia saa.

Ubao uliisha kabla ya mstari. Tunu akaendelea ukutani, na Profesa akasogeza kiti kumpisha.