Mbuzi ya Nazi Ndani ya Kioo

Kila Jumamosi Dorte, mwenzake wa kazini huko ughaibuni, alimpeleka Mishi kutembelea miji ya kale. Siku hiyo waliingia kwenye makumbusho madogo kando ya kanisa, na ndani ya kioo Mishi akaiona mbuzi ya kukunia nazi, ulimi wake umeshika kutu, mahali pa kukalia pamelainika kwa kukaliwa. Kibandiko kilisema ni kiti cha mganga wa kupunga mashetani.

"Kinatisha!" Dorte alisema. "Ni cha kwenu?"

Akilini Mishi alimwona mama yake, amekaa upande juu ya mbuzi kama ile, sinia mbele, akimsimulia mambo ya mtaani huku akikuna.

"Sijui," alisema. "Kwetu hatuna vitu kama hivyo."

Dorte akaridhika, akasogea mbele. Mishi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nje, kwenye ngazi za kanisa, Dorte alikata mkate wa mviringo akampa nusu. Mishi hakuula. Alikaa upande, magoti pamoja, ameushika kwa mikono miwili, akauzungusha taratibu kwenye ukingo wa jiwe. Chembe nyeupe zikadondoka miguuni pake.

"Mishi, unafanya nini?"

Mikono iliendelea kukuna.