Kibodi Isiyo na Herufi

Kwa miaka kumi na minne, vidole vya Bi Mashavu vilikuwa vimezifuta herufi zote za kibodi ile. Vitufe vilibaki vyeusi, laini kama mbegu za ukwaju, na pale ofisini hakuna mwingine aliyeweza kuandikia hata jina lake. Ndiyo maana kila fundi aliposhauri kompyuta ibadilishwe, yeye alijibu, "Hii bado ngangari."

Leo ilibadilishwa bila yeye kuulizwa. Mpya ilikaa mezani kwake, herufi za kibodi yake nyeupe pee.

"Pumzika, mama," alisema mkuu wa ofisi, Bwana Tindwa, akivuta kiti. "Nina barua moja fupi."

"Nipe nikuandikie, Mkuu. Dakika mbili tu."

"Hii niachie mimi."

Bi Mashavu alisimama nyuma yake, kibodi kuukuu ameikumbatia, waya ukining'inia. Kidole kimoja cha mkuu kilidonoa, kikatangatanga, kikadonoa tena. Baada ya robo saa kioo kilisomeka: YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA YA BI MASHA

Kidole kikaganda hewani.

"V iko wapi hapa?" aliuliza bila kugeuka.

Mkono wa Bi Mashavu ukainuka wenyewe, kama ulivyozoea.