Samoni wa Picha ya Pili

Mayai ya samaki yalikuwa yakidondoka kwenye buti za mgeni, mekundu kama shanga, naye amemwinua samoni wake huku anatabasamu.

“Piga picha nyingine, kaka!” alimwambia mwenzake. “Hiyo nilifumba macho.”

“Mrudishe majini!” Clarence, mume wangu, alipiga kelele kutoka ukingoni. Msimu ule hakutega wavu hata siku moja, ili samoni majike wapande mto Skeena wakatage.

“Tulia, mzee. Wenye nyavu ndio mliowamaliza. Sisi wa ndoano huwa tunawaachia.”

Akapigwa picha, kisha akamwachia kweli. Samaki akalala ubavu.

Clarence aliingia majini na suruali yake, akamshika mkiani na chini ya tumbo, akamwelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, maji yamwingie kwenye mashavu.

“Ameshakufa, mzee,” mgeni alisema, sasa kwa sauti ndogo. “Samahani.”

“Pumua, mama,” Clarence alimwambia samaki.

Nilimwita atoke kwenye baridi ile. Hakugeuka. Mayai yaliendelea kutoka, yakipenya katikati ya vidole vyake, na maji yakayachukua kuelekea baharini.