Njegere Shingoni mwa Bi Harusi

Haya ni ya kweli tupu, hayakutiwa chumvi hata punje. Anayebisha akaziulize njegere za Mgeta.

Kila Jumatatu, katika maabara moja ya Morogoro, Mzee Hatibu aliwapapasa shingo panya weupe waliopewa iodini yenye mionzi. Asipokuta kitu alisema, "Safi," nao wakahamia kizimba kingine. Akikuta uvimbe, panya huyo alichomwa sindano ya kulala moja kwa moja, ili achunguzwe.

Jumatatu hii kidole gumba chake kiliganda shingoni mwa panya aliyempenda kuliko wote, yule aliyemwita Bi Harusi. Chini yake palikuwa na kitu kidogo, kigumu, cha mviringo. Bi Harusi alikuwa akimlamba kiganja.

"Safi," alisema Hatibu.

"Babu, mbona kidole hakitoki?" aliuliza binti mtafiti aliyekuwa akiandika matokeo kando yake.

"Amemeza njegere, mjukuu wangu. Nzima nzima! Wallahi niliiona ikishuka, ikakwama hapo."

"Si juzi alipokataa chakula ulisema amefunga?"

"Kwani hafuturu?"

Binti hakucheka. Alipenyeza kidole chake chini ya kile cha mzee, akakiacha hapo kitambo.

"Sheria uliiweka mwenyewe, babu. Anayeficha uvimbe ndiye anayemshika panya wakati wa sindano."

Binti akaenda kuandaa sindano.

Hatibu aliingiza mkono mfukoni, akatoa njegere moja mbichi, akaimenya kwa meno. Bi Harusi aliipokea kwa mikono miwili.

"Kula taratibu, mama," alimnong'oneza. "Isije ikakukwama."