Kiatu cha Mtoto wa Miaka Minne

Mwalimu Mbaruku hakuwa na shahada, wala gari, wala suti. Hata Kiingereza alikipata madarasa ya jioni. Ila jibu hakuwahi kulikosa mbele ya wanafunzi, mpaka siku aliyomkalimania Bibi Hana, mgeni Myahudi.

Bibi aliweka mezani kiatu kidogo. "Cha mdogo wangu," alisema. "Wanazi walimuua kwa kuwa ni Myahudi. Alikuwa na miaka minne."

Mwalimu akalitafsiria darasa. Ndipo Tausi akasimama. "Mwalimu, juzi Kombo alipotunyima karanga, si wewe uliyemwita Myahudi? Na sote tukacheka."

"Anasemaje?" Bibi aliuliza, akitabasamu.

"Anauliza kama umechoka."

"Mwambie mjukuu wangu bado nina nguvu za kujibu."

Tausi, aliyeambulia Kiingereza kidogo, alimtazama Mwalimu, kisha akaketi polepole.

Kesho yake Mwalimu alimwandikia Bibi barua. Aliandika swali la Tausi neno kwa neno, na uongo wake chini yake. Akawasomea wanafunzi darasani, akamwomba Kombo radhi, akailamba bahasha mbele yao na kuifunga.

Posta, barua ilitumbukia sandukuni bila kishindo. Vidole vya Mwalimu vikabaki tunduni.