Tembe za Zhanbin

Kichupa kilikuwa chepesi mno. Bi Qiao alikitikisa karibu na sikio, akakitikisa tena, kisha akakifukia tena ndani ya mtungi wa unga wa ngano. Mtu alikuwa anaiba dawa ya mwanawe.

Na nyumba ilikuwa na watu watatu tu: yeye mjane, mwanawe Zhanbin, na Ruizhi, bibi harusi aliyeletwa na mshenga baada ya mavuno. Haya, mwizi nani?

Zhanbin alikuwa na kifafa tangu utotoni. Pale kijijini mtoto wa hivyo hatangazwi kabla hajaoa, na akishaoa, mkewe haambiwi mpaka azae, maana mwenye mtoto mgongoni harudi kwao kirahisi. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Qiao alimpelekea mwanawe taulo kwenye banda la nguruwe, na ndani ya taulo mlikuwa na tembe. Majirani waliambiwa ni dawa ya mgongo wa mama.

Daktari wa kijiji alimwonya mapema. "Fenobabitoni si peremende, Bi Qiao. Akizidisha, atalala na pumzi yake italala naye. Akiikatisha ghafla, ataanguka vibaya kuliko mwanzo." Tena alitoa za mwezi mmoja tu. Zikiisha kabla ya wakati, shauri yako.

Sasa huyu binti alikuwa anazikusanya za nini? Bi Qiao alijijibu mwenyewe. Kijiji cha pili kulikuwa na mke aliyesaga tembe za usingizi kwenye supu ya mkwewe. Walimkuta kikongwe wa watu amelala, baridi kama jiwe.

Tangu hapo akamkodolea macho Ruizhi. Kumbe mambo yalikuwepo, ila yeye hakuyatazama! Asubuhi binti alikuwa mzito wa kuamka. Kisimani haendi peke yake, eti anaogopa. Jikoni hukaa mbali na moto kama malkia. Mvivu, na mvivu huwaza mengi.

Mchana ule Ruizhi aliweka mabakuli mezani. "Kula, Mama, tambi zinapoa."

"Umenitilia nyingi, mwanangu. Hebu tubadilishane."

Ruizhi alibadilishana, akala zote, akanywa na supu. "Umeona?" akamtania mumewe. "Mama ananipenda kuliko wewe."

Zhanbin akacheka kama bwege. Bi Qiao hakucheka. Mjanja huyu, akawaza, leo hakutia. Kesho yake akamwagia kuku chakula chake chote. Kuku alikula, akataga kama kawaida, na Bi Qiao akashinda na njaa yake.

Mwishowe akakitoa kichupa mtungini, akakishonea ndani ya koti lake la pamba. Alipika nacho, akalala nacho.

Hapo ndipo mambo yalipojitokeza. Alimfuma Ruizhi jikoni, mikono imezama kwenye unga mpaka viwiko.

"Unatafuta nini humo?"

"Wadudu, Mama. Niliona wadudu."

"Wadudu majira haya ya baridi? Hebu toka hapa!"

Siku zilivyosonga binti akachakaa. Usingizi ukampotea, vidole vikawa vinatetemeka, bakuli likamponyoka likavunjika. Bi Qiao alifurahi, kusema kweli. Hatia hiyo, akawaza, inamla taratibu. Lakini hofu haikumtoka: tembe zilizokwisha kuibwa ziko wapi, na zitaingia bakuli la nani?

Akashindwa kuvumilia. Zhanbin alipokwenda shambani, alimwita Ruizhi, akachana mshono wa koti, akakipiga kichupa mezani.

"Unatafuta hiki? Sema! Ulitaka kumuua nani, mimi au mwanangu?"

Ruizhi alikitazama kichupa, macho yakamjaa machozi. Akanyoosha mkono kukichukua. Mkono haukufika. Alitoa ukelele mmoja, akaanguka chali, mgongo ukapinda kama upinde, visigino vikapiga sakafu, povu likamtoka mdomoni.

Bi Qiao hakupiga kelele. Mikono yake ilifanya kazi yenyewe: ikavuta kigoda pembeni, ikamlegezea ukosi, ikamgeuza alale ubavu. Akapiga magoti hapo, akingoja mwili utulie, kama alivyongoja kwa mwanawe miaka yote ile.

Ruizhi alipofumbua macho, mkwewe alikuwa analia kwa hasira. "Mmetudanganya! Mama yako ametudanganya! Na mshenga yule, nilimkalisha hapa, nikamchinjia kuku, akaniapia kwamba wewe ni mzima kabisa!"

"Nisamehe, Mama. Nilikuwa nameza nusu nusu, ili yeye asipungukiwe."

Bi Qiao aligutuka. "Yeye nani?"

"Zhanbin." Ruizhi alifuta povu kwa mkono wa nguo. "Mshenga alimwambia mama yangu tangu siku ya kwanza: 'Mpelekeni kwa yule mjane, nyumba ile dawa haikosekani.'"