Wa Nyumbani na wa Maabara

Komeo la chumba cha maandalizi lililia mpaka ofisini. Karani akatupa jicho kwenye saa ya ukutani.

"Wameshaingia," alimwambia mpishi wa shule, aliyekuwa anapanga vikombe vya walimu. "Saa moja na robo. Na pazia wameshusha."

"Leo tena?"

"Si wiki ya majaribio hii? Hawa mtihani wa vitendo ukikaribia tu, mahaba nayo yanachacha."

Baada ya nusu saa mwalimu wa kemia alitoka, ameshika karatasi yenye namba moja tu, jasho linamtoka kama aliyeshusha magunia. Nyuma yake akatoka mama maabara, mjane wa makamo, anafuta mikono kwenye koti lake jeupe. Hawakuangaliana. Karani akaliona hilo pia.

Mwalimu alikuwa hoi muhula mzima. Tangu mwenzake aache kazi, kemia yote ilikuwa yake: asubuhi ngazi ya kawaida, wanafunzi thelathini na wanane, mchana ngazi ya juu, wanafunzi tisa wenye vitabu vizito na maswali mazito zaidi. Siku moja alisahihisha madaftari ya darasa zima kwa kalamu ya kijani, wakati kijani ni ya mkuu wa shule peke yake. Alipoitwa, alisema ni uchovu. Aliyemwona usoni asingebisha.

Wanafunzi lakini walimpenda, maana hakuwatafunia. Wakichanganya dawa, yeye husimama pembeni, mikono nyuma. "Haya, mnaona nini? Mimi nimechoka kusema, semeni ninyi." Nao walisema, kwa kelele, mpaka wakakubaliana.

Karani hakuweza kukaa na neno tumboni. Jioni akaenda kwa mke wa mwalimu, akamkuta anapanga nguo za mumewe za kesho juu ya kiti: shati, suruali, na soksi zimekunjwa pamoja, kama za mtoto wa chekechea.

"Wifi, nakwambia kwa sababu nakupenda. Mumeo na yule mama wa maabara wanajifungia."

Mke akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Najua. Wa nyumbani mimi, wa maabara yeye. Kila mtu na zamu yake, wifi yangu."

Karani alitoka pale mikono kichwani. Kufika kesho yake mtaa mzima ulishajua kwamba mke wa mwalimu kalishwa limbwata, tena la kiume.

Habari haikuchelewa kumfikia mkuu wa shule. Akawaita wote wawili, akawaacha wamesimama.

"Watu wazima nyie. Mnajifungia nini?"

"Tunaandaa mtihani, mkuu," alisema mwalimu.

"Kuandaa mtihani kunataka komeo?"

Mkuu akasukuma barua juu ya meza. Uhamisho wa mama maabara, kuanzia kesho.

Mama aliichukua bila kuisoma. "Nitakwenda, mkuu. Naomba tu iwe baada ya mtihani. Siku tatu."

"Mtihani una kazi gani na wewe? Anayepima kwanza ni mwalimu. Namba yake ndiyo inayoingia kwenye bahasha, na watoto wote watasahihishwa kwa hiyo. Akikosea yeye, wamekosa wote. Ndiyo maana nataka awe na akili iliyotulia."

"Ndiyo maana na mimi nakuomba, mkuu."

"Nimemaliza."

Mwalimu akainua mkono kuomba kusema. Akaushusha. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini.

Huko koridoni mama alimshika mkono wa shati, karani akiwa dirishani anashuhudia kila kitu. "Mwambie ukweli, mdogo wangu."

"Nikisema, nimekwisha."

"Na wale watoto?"

Mwalimu aliondoka taratibu, anaburuza viatu.

Siku ya mtihani watahiniwa walipanga mstari nje ya maabara, kalamu mkononi. Wa mbele kabisa alikuwa binti wa karani, anarudia kemia kwa mara ya pili, midomo inamchezacheza kwa kujikumbusha kanuni. Mama yake alimpungia kutoka ofisini.

Ndani ya chumba cha maandalizi mwalimu alikuwa peke yake. Akafungulia asidi kwenye bureti, mrija wa kupimia, ikadondoka tone kwa tone ndani ya chupa yenye dawa inayobadilika rangi asidi ikitosha. Akatikisa. Akaitazama. Akaongeza tone. Akaisogeza dirishani, akairudisha, akaiweka kando na kuanza upya. Baada ya muda chupa tatu zilikuwa zimepangana mezani, na karatasi bado nyeupe.

Mlango ukagongwa. "Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya mkuu. "Msimamizi anataka namba yako. Dakika tano, watoto waingie!"

Komeo likalia. Mkuu akaingia, na kabla hajauliza kitu, likalia tena nyuma yake. Kule ofisini karani aliacha kupiga chapa.

"Sasa unanifungia na mimi?" mkuu aliuliza.

Mwalimu alinyanyua chupa ya tatu kwa mikono miwili, akaishika mbele ya karatasi nyeupe, mwanga wa dirisha ukapita katikati yake.

"Baada ya hapa nifukuze ukitaka, mkuu. Ila sasa hivi nakuomba uniambie: hii bado ni ya njano, au imeshakuwa nyekundu?"